Flashi ya Kubuti na Siri ya Baiti 512

Je, wajua kwamba unaweza kunakili faili zima la ISO la Linux kwenye flashi, ukaliona limekaa humo vizuri, na bado kompyuta ikaipita flashi hiyo kana kwamba hukuchomeka kitu?

Kompyuta inapoamka haina habari na majina ya mafaili yako. Zile za zamani, zenye BIOS, husoma baiti 512 za kwanza tu. Mbili za mwisho zikiwa 55 na AA, mlango umefunguka. Zikiwa kingine, flashi haitazamwi tena. Kompyuta za UEFI hutafuta patisheni ya FAT yenye folda EFI, ndani yake BOOT, na humo faili liitwalo BOOTX64.EFI.

Hapo ndipo ujanja wa faili la ISO unapopendeza. Lilibuniwa kwa ajili ya CD, na kanuni zake, ISO 9660, huacha wazi baiti 32,768 za mwanzo. Watu wa Linux wakaipachika ile alama ya BIOS kwenye nafasi hiyo hiyo, hivyo faili moja likafaa kuwa CD na kuwa diski. Lakini sharti liandikwe baiti kwa baiti kuanzia mwanzo wa flashi, kwa programu kama balenaEtcher, Rufus katika hali yake ya DD, au amri ya dd. Kuburuta na kudondosha hakutoshi.

Ikigoma hata baada ya hapo, angalia imekwama wapi. Isipoonekana kabisa kwenye orodha ya kubuti, shuku uandishi wake, au flashi yenyewe: zile za bei ya kutupa huweza kujitangaza GB 64 huku ndani mna 8, na kinachozidi hupotea kimya kimya. Programu ya F3 huziumbua. Ikikataliwa kwa ujumbe wa Secure Boot, ulinzi unaoruhusu programu zenye sahihi tu, chagua Linux yenye sahihi inayokubalika. Ubuntu inayo, na Debian inayo tangu toleo la 10 la mwaka 2019.

Menyu ikitokea kisha skrini ikawa nyeusi, mara nyingi ni kadi ya picha, hasa ya Nvidia. Bonyeza e kwenye menyu, ongeza nomodeset mwishoni mwa mstari unaoanza na linux, kisha F10.

Kinachotisha wengi ni Linux kuwaka vizuri halafu isione diski ya ndani. Huenda diski imefichwa nyuma ya Intel RST, mfumo wa Intel wa kusimamia diski. Kuhamia hali ya kawaida ya AHCI kwenye mipangilio ya BIOS au UEFI huifichua, ila Windows iliyomo yaweza kugoma kuwaka, na BitLocker, kufuli la diski la Windows, ikakudai ufunguo wa tarakimu 48. Utafute kwanza.

Na ukitumia dd, soma jina la diski mara mbili. Haiulizi swali, na jina kama sdb ambalo kwako ni flashi, kwa jirani yako ndiyo diski yenye picha za harusi.