Panya Anayeficha Goti Lake

Mwaka 2013, KenGen, kampuni ya kuzalisha umeme nchini Kenya, ilifungua bwawa la kuogea kule Olkaria, ndani ya mbuga ya Hell's Gate. Maji yake hutoka visima vilevile vinavyotoa mvuke wa kuzalisha umeme. Ni ya samawati yenye ukungu mweupe, kwa sababu ya madini ya silika, na hewa ya pale inanuka kama yai viza. Wengi huenda kustarehe, lakini wapo wanaokwenda kuloweka magoti, na wakitoka husema goti limelegea.

Limelegea kweli? Mtu aliyezama hadi shingoni hubebwa na maji, miguu ikabaki na takriban asilimia 10 tu ya uzito wake. Joto nalo hulegeza misuli. Na aliyelipa kiingilio, akaketi na jamaa zake mchana kutwa, ana kila sababu ya kujisikia nafuu hata kama gegedu la goti halijabadilika hata chembe. Huwezi kumficha mgonjwa kwamba yumo katika maji ya Olkaria.

Ndiyo maana wanaotafuta tiba ya goti hurudi kwa panya. Panya hana matarajio na dawa, wala hawezi kusema "leo afadhali". Inabidi miguu yake iseme.

Tatizo ni kubwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 365 walikuwa na ugonjwa wa kulika kwa gegedu la goti. Ili kuuzusha ugonjwa huo kwa panya, watafiti hutumia njia mbili hasa. Ya kwanza ni sindano ya monoiodoasetati ndani ya goti, kemikali inayozima uzalishaji wa nishati katika seli za gegedu hadi zife. Ni ya haraka, ila hakuna mzee aliyeharibikiwa goti kwa namna hiyo. Ya pili ni upasuaji: Sonya Glasson na wenzake walieleza mwaka 2007 jinsi ya kukata kishikizo cha meniska ya ndani, ile pedi iliyo kati ya mifupa, ili goti lilegee na gegedu liliwe polepole. Ni kazi ya darubini, kwani gegedu la panya mdogo halifikii hata sehemu ya kumi ya milimita, ilhali letu lina milimita mbili tatu.

Kisha mnyama hutembezwa. Zamani walimpaka wino miguuni, akapita juu ya karatasi, wakapima nyayo kwa rula. Mwaka 2001 Frank Hamers na wenzake, huko Uholanzi, walieleza mfumo wa CatWalk, walioubuni kwa panya waliojeruhiwa uti wa mgongo. Mwanga huingizwa ubavuni mwa kioo, ukadundadunda humo bila kutoka. Panapokanyagwa tu ndipo unapochomoza. Kamera iliyo chini huona nyayo ziking'aa moja moja, na inajua kila mguu umekaa chini kwa muda gani. Mwenye goti bovu huharakisha kuuinua mguu unaouma na kuukawiza ule mzima.

Hapo ndipo kazi inapokuwa ngumu, na kwa maoni yangu ndipo penye utamu. Panya huliwa na kila mwenye meno, kwa hiyo kuchechemea hadharani si tabia yake. Ana miguu minne, na uzito wa mguu wa nyuma anaweza kuusukumia mbele. Tena anayekwenda polepole hukaa chini muda mrefu zaidi kwa kila hatua, awe mgonjwa au mzima. Ukilinganisha panya mwenye haraka na mzembe bila kuzingatia kasi, utaandika ugonjwa usiokuwepo. Mara nyingi panya waliokatwa kishikizo cha meniska hutembea sawasawa kwa wiki nyingi huku gegedu likiisha.

Mtego mbaya zaidi ni magoti mawili. Vipimo vingi hulinganisha kulia na kushoto. Yakiuma yote mawili kwa kiasi kimoja, tofauti inakuwa sifuri na mashine inasema mnyama yu salama. Na wazee wengi wanaolalamika, hulalamikia yote mawili.

Hata kuchechemea kukionekana, bado hakujasema sababu. Huenda ni maumivu, huenda ni goti lililokazana lisiweze kukunjika. Kutenganisha hayo, watafiti humpa panya dawa ya kutuliza maumivu na kumrudisha kwenye kioo. Mwendo ukinyooka, yalikuwa maumivu. Akiendelea kuchechemea, pengine kiungo chenyewe kimeharibika, au dawa haikutosha. Hapo hulazimika kuongeza kipimo, kwa tahadhari, kwani dawa kali kama mofini humbadilisha panya mwendo hata akiwa mzima.