Nyumba Tulivu Chini ya Turubai

[MUZIKI WA KUFUNGUA KIPINDI: unapanda, kisha unashuka]

MTANGAZAJI: Wasikilizaji wa hapa kambini Nyarugusu, na ninyi ndugu zetu mnaotusikiliza Kasulu na vijiji jirani, leo tunazungumza kuhusu nyumba, na namna ya kuishi ndani yake ili kichwa kipate kupumzika.

Huenda mama mmoja anacheka huko aliko: utulivu gani katika chumba kimoja cha watu wanane? Mama, una haki ya kuuliza. Kipindi hiki hakiwezi kuongeza posho, wala kuleta majibu ya ofisi, wala kurudisha amani kule Kivu. Lakini kila siku kuna mambo madogo yanayotuchosha humu humu ndani, na mengi kati ya hayo tunaweza kuyapunguza.

Niwape mfano wa kwetu. Alfajiri moja ya siku ya mgao, kadi ya posho haikuonekana. Tuligeuza magodoro, tukamwaga nguo zote chini. Mama akamfokea mdogo wangu wa miaka saba kwamba ameichezea. Mimi nami, naona aibu kusema, nikampandishia mama sauti. Kumbe kadi ilikuwa katika mfuko wa koti la baba. Chakula tulipata, lakini yule mtoto hakusema na mtu mpaka jioni. Jioni hiyo mama alipigilia msumari karibu na mlango, akatundika mfuko mmoja. Kadi ya posho, karatasi za kliniki na ufunguo vinakaa humo. Tangu siku hiyo tumegombana kwa mengine, lakini si kwa kadi.

[MUZIKI MFUPI]

MTANGAZAJI: Kwa nini jambo dogo hivi lina nguvu? Mtu akiona hatari, mwili wake hujiandaa kukimbia au kupigana. Moyo huenda mbio, misuli hukaza, pumzi huwa fupi. Hali hiyo ilitusaidia tulipokimbia vita. Shida ni kwamba mwili uliopita katika hayo unaweza kuendelea kulinda hata pasipo na hatari. Mlango ukigongwa kwa nguvu, sufuria ikianguka, mtu anashtuka, anafoka, usiku hapati usingizi. Ndiyo maana wazee husema, "Nina mawazo mengi," au "Kichwa kimejaa." Nyumba inayobadilika-badilika kila saa huuweka mwili huo macho. Nyumba ambamo mtu anajua kitu kiko wapi, na nini kitafuata, huusaidia kushusha ulinzi kidogo.

Tuanze na kinachosumbua masikio na macho. Turubai lililolegea hupigwa na upepo usiku kucha, na watoto huamka kila mara. Kaza kamba kabla ya giza, na chomeka ncha zinazopepea. Wakati huu wa mvua, mtaro mdogo kuzunguka nyumba huyapeleka maji mbali, nawe hutalala ukiwaza kama godoro litaloa. Moshi wa kuni huumiza macho na kifua, na kuwasha moto ndani ya hema kunaweza kuteketeza nyumba nzima. Jiko likae nje, au katika kibanda chake. Asubuhi fungua mlango, toa mikeka juani, ingiza hewa.

La pili ni mahali pa vitu. Nguo za kila mtu katika mfuko wake. Dumu la maji, au bido kama wengi wetu tunavyosema, likae pembeni ambapo hakuna atakayejikwaa gizani. Tochi iwe mahali pamoja kila usiku.

La tatu ni mahali pa mtu. Kitenge cha zamani kilichofungwa kwenye kamba hugawa chumba. Nyuma ya hicho kitenge binti anabadili nguo, baba anasali, mwanafunzi anasoma. Kubalianeni hivi: aliye nyuma ya pazia haitwi, isipokuwa kuna lazima. Na kama hakuna nafasi hata ya pazia, kigoda chini ya mti nje ya nyumba kinatosha.

La nne ni saa. Hapa kambini siku nyingi ni za kusubiri, na kusubiri huchosha kuliko kulima. Chagueni mambo mawili au matatu ya kufanywa kila siku wakati ule ule: kufagia asubuhi, kula pamoja, hadithi ya bibi kabla ya watoto kulala. Mtoto anayejua kwamba baada ya kunawa miguu inakuja hadithi hulala kwa urahisi zaidi. Na yale mazungumzo mazito, habari za vita, za kurudi au kubaki, za nani kaitwa kwenye usaili na nani hakuitwa, yafanyike mchana kati ya watu wazima. Yakija kitandani, usingizi unaondoka.

La tano ni sauti na pumzi. Ukihisi hasira inapanda, weka nyayo zote mbili chini, uhisi udongo. Vuta hewa puani polepole ukihesabu mpaka tatu, itoe ukihesabu mpaka sita. Rudia mara tano, ndipo useme. Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilitoa kijitabu chenye picha kinachofundisha mazoezi ya namna hii kwa watu walio katika dhiki. Hayagharimu kitu.

[MUZIKI MFUPI]

MTANGAZAJI: Sasa nisikilizeni vizuri. Nyumba tulivu siyo nyumba ambayo mmoja ananyamaza kwa hofu. Dada, kama unapigwa, au kaka, kama unapigwa, hatukuambii upange vyombo. Mwone mtu unayemwamini, mhudumu wa afya ya jamii au ofisi ya ulinzi iliyo karibu nawe. Vilevile, ukikosa usingizi wiki baada ya wiki, ukashindwa kula au kufanya kazi, au ukapata mawazo ya kujiua, nenda kituo cha afya leo. Kuumwa mawazo ni kuumwa, kama malaria. Hakuna aibu.

Zoezi la wiki hii: kila nyumba itafute kitu kimoja kinacholeta ugomvi mara nyingi, kimoja tu, na mkipatie mahali pake au saa yake. Watoto nao waulizwe.

Maswali kwa vikundi vya wasikilizaji:
1. Nyumbani kwenu, ni saa ngapi watu hukasirika zaidi? Kwa nini?
2. Wazazi wetu kule nyumbani walifanya nini ili jioni iwe ya amani? Kipi kinawezekana hapa?
3. Majirani wanaweza kukubaliana nini kuhusu kelele za usiku?

Mje mtusimulie mlichofanya. Mimi nitampelekea salamu zenu mama na msumari wake. Kwaherini, mlale salama.

[MUZIKI WA KUFUNGA]