Mipangilio ya programu isipotee pamoja na kontena

Katika paruasi moja ya komini ya Kenya (Kenya yetu ya Lubumbashi, si ile ya Nairobi), mama katibu huandika matangazo ya ibada kwa LibreOffice. Kwa miezi mingi alikuwa akiifundisha programu hiyo maneno yetu: majina ya wazee, ya vijiji, maneno ya Kisanga na Kibemba ambayo kompyuta huyapigia mstari mwekundu. Jumatatu moja akafungua, mistari myekundu imerudi yote, na menyu zimegeuka kuwa za Kiingereza. Akafikiri ni virusi.

Haikuwa virusi. Jumamosi vijana wanaotunza kompyuta walikuwa wameweka toleo jipya, na programu ile inaendeshwa ndani ya kontena la Docker.

Vijana hao hawakukosea kuchagua kontena. Programu huja na vitu vyake vyote katika furushi moja liitwalo imeji, ambalo unaweza kulibeba kwa flashi kutoka paruasi hadi paruasi bila kununua mega tena. Lakini imeji yenyewe haiandikwi. Kila unachobadilisha huwekwa katika tabaka jembamba juu yake, na tabaka hilo ni la kontena lile tu. Kontena likisimama, hata umeme ukikatika, tabaka linabaki. Kontena likifutwa, tabaka linakwenda nalo. Na kuweka toleo jipya ni kufuta la zamani na kuunda lingine. Wengi pia huongeza neno --rm katika amri, maana yake kontena lijifute kila linapofungwa. Hapo hasara ni ya kila siku.

Basi mipangilio ikae nje. LibreOffice kwenye Linux huiweka katika folda ya .config/libreoffice: lugha ya menyu imo katika faili registrymodifications.xcu, na maneno ya mama katibu yamo katika standard.dic, ndani ya folda wordbook. Kama mtumiaji ndani ya kontena anaitwa katibu, ongezeni hivi katika amri ya docker run:

-v /home/ofisi/mipangilio:/home/katibu/.config/libreoffice

Upande wa kushoto ni folda ya kompyuta yenyewe, wa kulia ni mahali programu inapodhani inaandika. Docker ina pia voliumu zake za ndani, nazo ni nzuri, ila mimi napenda folda ya kawaida: katibu anaiona kwa macho na kuinakili kwenye flashi kila mwisho wa mwezi.

Hapa wengi hukwama. Folda isipokuwapo, Docker huiunda yenyewe, nayo inakuwa mali ya root. Programu inashindwa kuandika humo, na mnarudi palepale. Iundeni kwanza ninyi wenyewe, kisha hakikisheni namba ya mwenye folda ni sawa na namba ya mtumiaji wa ndani ya kontena; amri id -u itawaonyesha. Kwenye Debian na Ubuntu mtumiaji wa kwanza huwa 1000. Tena, makontena mawili yasifungue folda hiyo kwa wakati mmoja.

Kwa paruasi yenye kompyuta moja tu, ningeshauri Flatpak badala ya Docker. Yenyewe huweka mipangilio ya kila programu katika folda ya mtumiaji, chini ya .var/app, na toleo jipya haliigusi.

Mkimaliza, jaribuni kabla ya kumkabidhi katibu: ongezeni neno moja katika kamusi, futeni kontena, undeni jingine, mwone kama neno lipo.

Maneno ya mama katibu hayakupatikana, kwa sababu kontena la zamani lilikuwa limekwisha kufutwa. Ameanza kuyaingiza upya, akiyatoa katika matangazo ya zamani yaliyochapishwa kwa karatasi.