Mnunuzi Naye Aulizwe

Kampala haina uhaba wa takwimu za uchumi. Kila mwezi Shirika la Takwimu la Uganda (UBOS) hutangaza mfumuko wa bei. Benki Kuu hukusanya maoni ya wakuu wa kampuni na kuyageuza kuwa fahirisi. Ikivuka 50, wafanyabiashara wana matumaini. Benki ya Stanbic nayo hutoa fahirisi itokanayo na majibu ya mameneja wa kampuni zipatazo 400. Lakini fahirisi hizi mbili humsikiliza muuzaji. Anayesimama soko la Nakasero akiwaza kama achukue mkungu mzima wa matoke au vichane viwili tu, hayumo. Huyo naye anastahili kuulizwa, tena kwa maswali yaleyale kila awamu.

Mbinu ipo tangu miaka ya 1940, George Katona alipoianzisha katika Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani. Watu huulizwa kama hali ya nyumbani kwao ni bora au mbaya kuliko mwaka jana, na wanatarajia nini mwaka ujao. Tuseme katika watu 100, 30 wanasema bora, 45 wanasema mbaya, 25 hawaoni tofauti. Toa 45 kwenye 30, jumlisha 100, unapata 85. Namba hiyo peke yake haina maana kubwa. Maana huja pale inapopanda au kushuka awamu ijayo. Hata hapo kuna tahadhari: ukihoji watu 400, inaweza kupotoka kwa pointi nane hivi kwa sababu ya bahati ya sampuli tu. Kichwa cha habari kinachoshangilia kupanda kutoka 85 hadi 90 kinashangilia kisichothibitika.

Wapo wanaosema hisia si takwimu, bei zinatosha. Tazama yaliyotokea: mfumuko wa bei Uganda ulifika asilimia 10.7 Oktoba 2022, na mwaka mmoja baadaye ukawa chini ya asilimia 3. Kwa mchumi huo ni ushindi. Ila mfumuko ukishuka, bei hazirudi zilikokuwa. Zinapanda polepole tu. Familia ambayo kipato chake hakijaongezeka bado inabanwa, nayo ikisema hivyo haijakosea. Fahirisi ya bei haiwezi kutueleza jambo hilo.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba majibu hufuata msimu na siasa. Ni kweli. Februari, muhula wa kwanza unapoanza na karo kudaiwa, mzazi wa Kawempe hatajibu kama alivyojibu Desemba, na wakati wa uchaguzi shabiki wa chama hujibu kwa moyo wa chama. Basi Februari ilinganishwe na Februari, na majibu ya miezi ya kampeni yasomwe kwa uangalifu. Swali la Michigan kuhusu kununua vyombo vikubwa vya nyumbani nalo halitufai sana. Hapa wengi huweka akiba yao katika matofali na mabati, nyumba ikijengwa kidogo kidogo. Waulizwe kama huu ni wakati mzuri wa kuendelea kujenga.

UBOS tayari hupeleka wadadisi wake majumbani kwa ajili ya tafiti za kaya. Maswali matano ya ziada, yakiulizwa kila robo mwaka kwa Kiluganda, Kiswahili na lugha nyingine za wahojiwa, hayawezi kuwa mzigo wa kulishinda. Shirika hilo lianze sasa.