Kiashiria si Kisababishi: Istilahi za Protini za Damu katika Baridi Yabisi

Miongoni mwa istilahi zinazowasumbua wafasiri wa maandishi ya utabibu ni zile zihusuzo vipimo vya damu vya ugonjwa wa viungo. Katika makala haya tunakusudia kuchunguza chache kati yake, na kuonyesha jinsi neno lililochaguliwa vibaya linavyoweza kumpoteza mgonjwa.

Tuanze na jina la ugonjwa wenyewe. Watu wengi huita kila maumivu ya maungo baridi yabisi. Hapa tunamaanisha ule ugonjwa ambao madaktari huuita athritisi ya rumatoidi. Yabisi ni neno lenye asili ya Kiarabu, maana yake kavu, na jina zima latukumbusha tiba ya kale ya Wayunani na Waarabu, iliyoyagawa maradhi kwa joto na baridi, unyevu na ukavu. Katika uwanda wa juu wa Ufipa jina hili lina uzito wa pekee. Mji wa Sumbawanga uko kiasi cha mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na kipupwe cha Juni na Julai huko ni kikali. Mkulima aamkaye vidole vimekakamaa husadiki upesi kwamba ni baridi iliyomwingia. Lakini ugonjwa huu hupatikana katika nchi za baridi na za joto pia. Katika ugonjwa huu, kinga ya mwili huushambulia mwili wenyewe, na viungo vikapata mchochota, yaani uvimbe wenye joto na maumivu. Jina limekwisha kukita mizizi, wala hatupendekezi libadilishwe; yafaa lifafanuliwe.

Mchochota huo huacha alama katika protini za damu. Istilahi zihusikazo ni hizi:

1. Kasi ya kutuama kwa chembe nyekundu. Damu huwekwa katika mrija uliosimama wima, na baada ya saa 1 hupimwa chembe zimeshuka milimita ngapi. Protini iitwayo fibrinojeni ikizidi, chembe hushikamana kama sarafu zilizopangwa, zikatuama upesi. Lakini upungufu wa damu na ujauzito pia huiongeza kasi hiyo.

2. Protini itikia C. Hii hutengenezwa na ini, na huongezeka katika muda wa saa chache mchochota uanzapo. Iligunduliwa mwaka 1930 na William Tillett na Thomas Francis, walioona kwamba huitikia kitu kilichoitwa C katika bakteria wa kichomi. Mfasiri asiifupishe kuwa "protini C", kwani hiyo ni protini nyingine kabisa, ihusikayo na kuganda kwa damu.

3. Kingamwili ya rumatoidi. Hii, iliyoelezwa na Erik Waaler wa Norwei mwaka 1940, ni kingamwili inayozishika kingamwili nyingine. Jina lake la kigeni lina neno ambalo katika hesabu ni kigawo, na kwingineko hufasiriwa kuwa sababu. Hapo ndipo wafasiri wanapoteleza na kuandika "kisababishi cha baridi yabisi". La hasha! Kingamwili hiyo huonekana pia kwa baadhi ya wagonjwa wa malaria, kifua kikuu na ukoma, na hata kwa wazee wenye afya. Tena wagonjwa 2 au 3 katika kila 10 wa baridi yabisi hawana.

4. Kingamwili dhidi ya protini zenye sitrulini. Kipimo chake kilianza kuenea baada ya mwaka 1998. Huashiria ugonjwa huu kwa uhakika zaidi, na kingamwili zenyewe zaweza kuonekana miaka kadhaa kabla ya viungo kuvimba.

Kwa protini zote hizi twapendekeza jina moja la jumla: kiashiria, kutokana na kitenzi ashiria. Kiashiria huelekeza kidole tu, hakihukumu. Ndiyo maana kanuni za uchunguzi zilizotolewa mwaka 2010 na vyama vya madaktari wa Marekani na Ulaya huvijumlisha vipimo hivi pamoja na idadi ya viungo vilivyovimba au vyenye maumivu na muda wa ugonjwa.

Limebaki suala la chanya na hasi. Katika mazungumzo ya kawaida, chanya ni jambo jema. Tumfikirie bibi wa kijijini Ufipa anayesomewa cheti na mjukuu wake: "hasi". Akidhani kwamba hana ugonjwa, atarudi kwenye jembe na mikono iliyovimba, na muda ambao dawa zingevinusuru viungo vyake utapita. Heri cheti kiseme: "Kingamwili ya rumatoidi haikuonekana. Jibu hili peke yake haliondoi uwezekano wa ugonjwa." Maneno yameongezeka, lakini maana imekamilika.

Wafasiri, walimu na watumishi wa serikali wanaoandaa fomu za hospitali wanaombwa kulizingatia hili. Istilahi ya tiba haitoshi kueleweka na daktari peke yake. Mgonjwa ndiye atakayeishi nayo.