Shilingi 35,000 na Shamba la Mteremko: Matuta Kwanza au Silanga?

Kutoka mtaa wa Ziwani, Nairobi, hadi stendi ya mabasi iitwayo Machakos ni mwendo wa miguu, na wapangaji wengi wa Eastlands hupandia hapo kwenda kuangalia mashamba ya mteremko ya Ukambani, huko Mbooni au Kangundo. Tuseme zamu yako ya chama imefika na una shilingi 35,000. Unataka udongo uache kuondoka na mvua, na unataka maji ya kiangazi. Pesa hizo hazitoshi yote mawili: matuta ya kuzuia udongo, na silanga, yaani bwawa la kuchimba la kuhifadhi maji ya mvua.

Mimi nasema matuta. Hesabu zangu zinatumia bei za mfano tu: kibarua shilingi 500 kwa siku, laina ya plastiki ya kutandika bwawa shilingi 200 kwa mita mraba. Weka bei za kwenu mahali pake.

Chukua ekari moja inayoshuka mita moja na nusu kwa kila mita kumi, yaani mteremko wa asilimia 15. Kanuni ya kupanga matuta iliyozoeleka Kenya ni hii: gawanya asilimia hiyo kwa 4, ongeza 2, zidisha kwa 0.3. Utapata mita 1.7 za kushuka kati ya tuta na tuta, ambazo ardhini ni kama mita 11 na nusu. Kila tuta lina mtaro wake, kwa hiyo ni mitaro mitano au sita, jumla mita 350 hivi. Mtaro wa fanya juu una upana wa sentimita 60 na kina cha 60, na udongo wake hutupwa upande wa juu. Ni mita za ujazo 126. Mtu akichimba mbili kwa siku, ni siku 63 za kibarua, karibu shilingi 32,000.

Uzuri wake ni kwamba unalipa kidogo kidogo. Mtaro mmoja ni kama shilingi 6,000, na hata ukichimba ule wa juu kabisa peke yake msimu huu, tayari umepunguza kasi ya maji yanayoshukia shamba zima. Mkiwa na kikundi cha mwethya, gharama ni sufuria ya muthokoi na zamu yako ya kuwachimbia wenzako. Fanya chini, ambako udongo hutupwa upande wa chini, ni kazi nyepesi, lakini udongo unaoshuka haukutani na tuta, hivyo shamba halijisawazishi kama ngazi miaka ikipita. Ukanda wa nyasi za makarikari au za mabingobingo karibu ni bure. Kwa mteremko huu ningeupanda juu ya tuta, nisiutegemee peke yake.

Ukambani wenyewe ni ushahidi. Miaka ya 1930 serikali ya kikoloni iliitazama Machakos kama nchi iliyokwisha kwa mmomonyoko. Mwaka 1938 ilipokamata mifugo kwa kisingizio cha kuokoa ardhi, kiongozi wa Wakamba Muindi Mbingu aliongoza maandamano hadi Nairobi, kisha akapelekwa uhamishoni Lamu. Baadaye wakulima walichagua fanya juu wenyewe. Kitabu cha Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki cha mwaka 1994 kilionyesha kuwa watu waliongezeka zaidi ya mara tano huku mmomonyoko ukipungua.

Sasa silanga. Shimo la mita 10 kwa 10 juu, 6 kwa 6 chini, kina mita 2, linabeba lita 130,000. Kuchimba ni siku 65, shilingi 32,500. Laina, pamoja na ncha za kufukia ukingoni, ni mita mraba 169, yaani shilingi 33,800. Jumla inapita shilingi 35,000 zako, ingawa kila lita imekugharimu nusu shilingi tu. Tangi la plastiki la lita 10,000, hata ukilipata kwa 70,000, ni shilingi 7 kwa lita. Linafaa maji ya kunywa kutoka kwenye mabati, si ya kumwagilia sukuma wiki.

Je, udongo wa mfinyanzi badala ya laina? Kuta lazima zilale zaidi, kwa hiyo ujazo kama huo unataka mita 12 kwa 12 juu na 4 kwa 4 chini. Tabaka la sentimita 30 lililoshindiliwa likiwa na unyevu ni mita za ujazo 48. Ukiwa nao bondeni kwako, ni jasho. Ukiununua kwa lori, laina ni nafuu. Kujua kama ardhi yako inashika maji, chimba shimo la mita moja, ujaze maji jioni mara kadhaa mpaka udongo ushibe, kisha angalia asubuhi yamebaki kiasi gani. Udongo mweusi, kama huu unaopasua kuta za nyumba zetu huku Eastlands, usiuamini kwa silanga inayokauka: kiangazi kikija hupasuka, na mvua ya kwanza yote inapotelea kwenye nyufa.

Jua nalo huchukua fungu lake. Likinyonya milimita 5 kwa siku, siku 100 za ukame zinaondoa hadi mita za ujazo 50, zaidi ya thuluthi moja. Na mteremko usio na matuta utalijaza shimo hilo tope, ulipe vibarua tena kulizoa.

Usichimbe Septemba ardhi ikiwa jiwe. Juni na Julai bado kuna unyevu, na mvua za Oktoba hadi Desemba, ambazo Ukambani ndizo za kutegemewa, zitakukuta tayari. Wilbaro na chepeo tafuta Kamukunji, kwa mafundi wa jua kali wenyewe.

Kuta za laina huteleza, na mtoto akitumbukia hawezi kupanda. Ua wa mita 56 na kamba zenye mafundo pande zote nne uvihesabu pia kwenye gharama ya silanga. Kama huna pesa za ua, usinunue laina. Chimba mtaro mwingine.