Studio Kejani Malindi: Kabla Ununue Maiki, Piga Makofi Kwanza

Msee wangu, najua. Mistari umeandika, biti umepata, na sai unacheki picha ya maiki kwa simu ukijiambia ukiishika hiyo, umetoka. Ngoja kidogo. Mimi nilipita hiyo njia na ikanila.

Nilikuwa bado chuo. Doo ya fee ikaingia, elfu 14 ikaenda kwa maiki ya kondensa. Semista ikaendelea bila mimi. Mtu wa kwanza kumrekodi alikuwa hawe, akiimba wimbo wa mwanzele ambao pale bomani alibaki akiujua yeye tu. Chumba cha mawe, sakafu ya simiti, mabati juu, feni inazunguka. Kuskiza, ni kama mtu anaimba ndani ya tangi la maji. Nikamwambia tutarudia nikipata vyombo vya maana. Hawe hayuko tena. Nimebaki na hiyo rekodi ya tangi.

Kosa halikuwa maiki, lilikuwa chumba. So tupange hii kitu vile inafaa, tukianza na kile hakilipiwi.

Chumba

Simama katikati ya keja, piga kofi moja la nguvu. Ukiskia mlio unabaki hewani unatetemeka, ujue maiki pia itauskia. Keja nyingi huku kwetu, kuanzia Muyeye hadi Mnarani, ni kuta ngumu zimepigwa plasta. Sauti inagonga, inarudi. Dawa yake ni vitu vizito na laini: godoro, mablanketi, kabati la nguo likiwa wazi. Maiki inaangalia uso wako, kwa hivyo anza kufunika ule ukuta ulio nyuma ya mgongo wako. Simamisha godoro hapo.

Trei za mayai achana nazo. Hazizuii kelele za nje, na mwangwi zinapunguza kidogo sana. Lakini kama kwa babu kuna nyumba ya makuti, hapo uko na bahati. Makuti hayarudishi sauti kama mabati, na mvua ikinyesha hayapigi kelele.

Saa

Mchana kuna tuktuk, watoto, na jirani na spika yake. Rekodi usiku ule mtaa umelala, umalize kabla ya adhana ya alfajiri na majogoo. Feni zima. Utatoka jasho, ndio, kwa hivyo imba vipande vifupi, washa feni upumzike, uendelee. Laptopu ikiwa na chaji chomoa waya, juu wakati mwingine ule mngurumo unaoskia unatoka kwa stima.

Maiki

Kuna aina mbili kubwa. Kondensa inaskia kila kitu, hadi mbwa wa plot ya tatu, na nyingi zinataka umeme wa volti 48 kutoka kwa intafesi, kile kidude kinachounganisha maiki na laptopu. Dainamiki haiskii mbali sana, ni ngumu, na inasamehe chumba kibaya. Usidhani ni ya maskini. Michael Jackson aliimba *Thriller*, albamu ya 1982, kwa maiki ya dainamiki, Shure SM7.

Kama mfuko umebana, chukua dainamiki ya USB inayoingia moja kwa moja kwa laptopu. Ukiwa na kitu kidogo zaidi, nunua dainamiki ya kawaida na intafesi ya tundu moja. Hedifoni ziwe zile za kufunika sikio lote, ili biti isivuje ikaingia kwa maiki. Kichujio cha pumzi usinunue: pinda waya wa hanga uwe duara, vuta stokingi juu yake, basi.

Programu

Usidownload kitu ya wizi, utaletea laptopu virusi. Audacity ni ya bure. BandLab ni ya bure na inafanya kazi hata kwa simu. Reaper unaijaribu siku 60 bila kulipa.

Kurekodi

Kaa shibiri moja kutoka kwa maiki. Jaribu kwanza ile sehemu ya wimbo unayopayuka zaidi, na kipimo kisipite -6. Kikigonga sifuri sauti inapasuka, na hapo miksi haitakuokoa. Hifadhi kazi mahali pawili kabla ulale.

Halafu kuna chumvi. Hewa ya bahari inakula chuma polepole. Maiki isilale nje. Itie kwa kopo lenye mfuniko unaobana, pamoja na zile pakiti ndogo zinazokuja ndani ya boksi za viatu.

Na usiskie aibu ya chumba kidogo. Singeli ya Dar ilitoka mitaani hivi hivi. Sisso Studio iko Mburahati, na mwaka wa 2017 kazi zake zilitoka kwa albamu ya *Sounds of Sisso* kupitia Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Dunia ikaskiza.

Jambo la mwisho. Hakimiliki ya kazi yako inaanza pale unapoirekodi, lakini isajili KECOBO upate ushahidi, na mkubaliane na mwenye biti kwa maandishi kabla wimbo utoke.

Kama kwenu kuna mzee anajua nyimbo ambazo hakuna mwingine anazijua, usimngoje mpaka upate vyombo. Muombe ruhusa, mkalishe karibu na godoro, zima feni, weka simu shibiri moja kutoka mdomoni, urekodi. Fanya wikendi hii. Maiki utanunua baadaye.